Kope Nilizozing'oa Mwenyewe

Ninaandika haya mkono wangu wa kushoto ukiwa ndani ya soksi. Ni soksi ya mume wangu, ya kijivu, imetoboka kisigino. Mkono wa kulia nimeupa kalamu, maana ukishika kalamu haupati nafasi ya kupanda usoni. Ukinikuta hivi utadhani nimeungua. Sikuungua. Ninajizuia tu kung'oa kope.

Kama umesoma maneno hayo ukashangaa, huenda hayakuhusu. Kama umeyasoma ukageuka kutazama mlangoni ni nani anakuona, basi kaa. Nimekuandikia wewe.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilitoka Fizi, Kivu ya Kusini, na sasa naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama wa mume wangu na binti yetu Asifiwe. Mume wangu naye anaishi hapa, lakini wakati mwingi yuko Mbarara kwenye kazi za ujenzi, huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Cherehani yangu iko barazani mwa duka moja Base Camp, karibu na soko, mahali ambapo kila pikipiki ikipita wakati wa kiangazi inatuachia vumbi la kutosha kupanda mbegu.

Ilianza katika kiangazi kama hicho. Mdogo wangu Sadiki alikuwa amebaki Fizi, vita vilikuwa vimerudi kule, na simu yake ilikuwa haipatikani. Nilikuwa nampigia asubuhi kabla sijafungua kazi, nampigia nikimaliza gauni, nampigia nikienda kuteka maji. Siku moja jicho likaniwasha kwa sababu ya vumbi. Nikalisugua, na ukope mmoja ukabaki kwenye kidole. Niliutazama. Ulikuwa na kishina cheupe, kidogo kama chembe ya chumvi. Sijui nieleze vipi, lakini kifua changu kilishuka. Kwa muda mfupi sikuwa nikisubiri chochote.

Nikatafuta mwingine.

Mashine ikiwa inakimbia sikuwa na shida, mikono yote miwili ilikuwa kazini. Shida ilikuwa uzi ukikatika, au mteja akisimama kunieleza anataka shingo ya namna gani. Nilikuwa namsikiliza, naitikia kwa kichwa, na mkono wa kulia umeshapanda. Kidole gumba na cha shahada vilitembea ukingoni mwa jicho vikichagua, kama mtu anayechambua mchele. Kope za juu zilipokaribia kwisha nikahamia za chini. Za chini zilipokwisha nikahamia kwenye nyusi. Nilikuwa naamka alfajiri nikiwa tayari mkono uko usoni, na sikumbuki niliuinua saa ngapi.

Watu wanadhani kope ni za urembo. Mimi nilijifunza ni za nini zilipokuwa hazipo. Jasho lilikuwa linashuka kutoka kwenye paji la uso moja kwa moja hadi machoni, hakuna cha kulizuia. Vumbi liliingia kama kwenye nyumba isiyo na mlango. Macho yalikuwa mekundu tangu asubuhi, na nilipojitazama kwenye kioo kidogo cha wateja nilimwona mtu aliyeshtuka na kubaki ameshtuka. Nikanunua penseli ya nyusi. Kufikia mchana joto lilikuwa limeiyeyusha, na mteja mmoja akaniuliza kama nimejipaka masizi.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshaona. Ni mama wa maneno machache, na machache hayo anayasema kwa sauti.

"Mukwe wangu," akaniambia tukiwa jikoni, "hizi nyusi unazinyoleaka nani? Bwana yako hayiko."

"Sinyoi, Mama."

"Zinaanguka zenyewe? Kama majani?"

Nikachochea moto. Jumapili nikasikia amelisema jambo hilo kwa akina mama wa kanisani. Mwisho wa mwezi mume wangu alipokuja, tayari lilikuwa limemfikia Mbarara. Alikula akiwa ameinamia sahani.

"Batu banasema bibi yangu amekuwa wa mujini," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nangojea weye useme."

Ningesema nini? Kwamba mtu mzima, mama wa mtoto, anakaa barazani anajing'oa kama kuku? Uzinzi angalau unaeleweka. Nikamwachia awaze anachowaza, akarudi Mbarara bila kuniaga vizuri.

Katika safu yetu pale sokoni kuna saluni, na mwenye saluni akanihurumia. Alinipa mafuta ya kijani yenye tangawizi na harufu kali ya minti, akasema yanaotesha nywele hata kwenye upara. Nikayapaka kwenye nyusi, na kwa tamaa nikayapaka kwenye kope pia. Kabla sijafunga kifuniko, jicho lilikuwa linawaka. Kesho yake lilikuwa limevimba, limefunga kabisa. Kliniki ya Base Camp walinipa dawa ya kupaka, na uvimbe haukupungua. Wakaniandikia niende hospitali ya Mbarara.

Chumba cha kusubiri cha wagonjwa wa macho kina utulivu wake. Watu wanakaa wameinua nyuso juu kama wanaosubiri mvua, matone ya dawa yanawashuka mashavuni. Hakuna anayekutazama. Nilikaa pale karibu kutwa nzima na mkono wangu ukitafuta nafasi ya kupanda. Jicho lililovimba halikushikika, kwa hiyo nilikuwa nalichukia lile zima kwa kuwa linashikika.

Mganga wa macho alikuwa mtu wa makamo, Mnyankole wa kulekule, mpole. Alinimulika kwa taa, akageuza ukingo wa jicho. Kisha akasogeza kiti.

"Nyabo," akasema, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima kule, "jicho hii itapona, ni mafuta tu ilichoma. Lakini nataka uliza. Hii kope moja iko fupi, ingine iko refu, ingine imevunjika katikati. Ugonjwa ya ngozi hapana fanya namna hii. Wewe natoa na mkono?"

"Hapana."

"Mimi hapana kasirika. Iko watu wengi nafanya."

"Nimesema hapana."

Akatikisa kichwa taratibu, akanipa dawa, akanielekeza jengo lingine ng'ambo ya uwanja. Alisema nimwone muuguzi wa kule, ni mtu mzuri. Nilivuka uwanja. Nikafika mlangoni nikasoma maandishi: Afya ya Akili. Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja amemshika kijana wake kifundo cha mkono, si kwa nguvu, kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi aliyezoea. Yule mama akasogea kidogo ili nipate pa kukaa. Ni huo wema wake ulionikimbiza. Niligeuka, nikatoka nje ya geti, na sikusimama mpaka stendi.

Usiku huo nilikuwa nyumbani tayari. Mama mkwe akauliza wamesema nini. Nikasema, "Mafuta yaliniunguza," na haukuwa uongo.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Tukapanda maharagwe. Siku moja nikiwa nashona sare za shule, simu ikaita, namba ya Burundi, na sauti ikasema, "Dada, ni mimi." Sadiki alikuwa amevuka ziwa, alikuwa mzima, alikuwa amepoteza simu na viatu tu. Nililia hadi mwenye duka akatoka kuangalia. Nikampigia mume wangu, nikamwambia mama mkwe, tukaimba nyumbani, sisi watatu, Asifiwe akipiga sufuria.

Jioni ileile, nikiwa nasubiri ugali uive, nilishusha mkono nikaona kope mbili kati ya vidole vyangu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wakati wote huo nilikuwa najiambia ni Sadiki. Akipatikana nitaacha. Sasa amepatikana, na mkono haukuwa na habari. Ulikuwa unaendelea na kazi yake kama mashine ambayo fundi ameshaondoka.

Kilichonirudisha Mbarara si ujasiri. Ni Asifiwe. Nilirudi kutoka sokoni mapema siku moja kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, nikamkuta amekaa kizingitini, ametulia sana kwa mtoto ambaye hatuliagi. Alikuwa anavuta ukope, anautazama, kisha anauweka kwenye goti lake kwa uangalifu. Gotini zilikuwa zimeshapangwa kadhaa.

"Asifiwe, unafanya nini?"

"Natoa," akasema. "Kama weye."

Ndani ya mlango mama mkwe alikuwa anapepeta maharagwe. Nikausikia ungo ukitua chini.

"Kama yeye namna gani?" akauliza.

Mtoto akamwonyesha kwa vidole viwili, sawasawa kabisa, hata ule mzunguko mdogo wa kifundo ambao sikujua kama ninaufanya. Nikakaa chini palepale kwenye udongo. Nikasema yote. Nilisema haraka haraka, bila mpangilio, na mvua ikaanza kunyesha hatujaingia ndani.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho.

"Unazitoaka na mukono? Zote?"

"Zote, Mama."

"Inaumaka?"

"Kidogo. Halafu inanituliza."

Akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. "Na mimi nilisema mbele ya bamama ba kanisa kama unatafutaka banaume," akasema. Kisha akachukua beseni, akajitanda kitenge kichwani, akatoka kwenye mvua.

Nilidhani amekwenda kumwita mchungaji. Alirudi ameloa, na beseni limejaa vitumba vya mbegu za mbarika, ule mti wenye majani mapana kama viganja unaojiotea nyuma ya vyoo vyetu. Alikuwa amevichuma hadi kwa majirani.

Nitaeleza alivyoyatengeneza mafuta yake, kwa sababu wengi wameniuliza. Alivianika vile vitumba hadi vikapasuka vyenyewe, akatoa mbegu, akazikaanga kidogo bila kuziunguza. Akazitwanga kwenye kinu kilichotengwa kwa kazi hiyo tu. Ule unga wa mafuta akauchemsha na maji mengi, na mafuta yakapanda juu akayaengua kwa kijiko, akayarudisha motoni hadi maji yote yakaisha, akayachuja kwa kitambaa safi. Makapi aliyachimbia shimo refu, akampiga Asifiwe mkono kwa kusogelea tu, maana mbegu za mbarika zikiliwa zinaua mtoto na kuku. Hilo nalirudia kwa yeyote atakayejaribu: mbegu zile ni sumu. Ukiweza kupata mafuta yaliyokwisha kutengenezwa na mtu unayemwamini, usihangaike na mbegu.

Alitupaka wote wawili, mimi na mtoto, jua likielekea kuzama. Alinawa mikono kwa sabuni, akatukalisha kwenye mkeka, akasema tufumbe macho. Kidole chake kilikuwa kigumu kwa jembe na kilipita kwenye nyusi zangu polepole sana, kisha ukingoni mwa kope, pale pa nje tu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunigusa uso namna ile tangu mama yangu afariki. Nilikuwa nimefumba macho na sikuwa na pa kuficha machozi, yakachanganyika na mafuta. Akaendelea kupaka.

Asubuhi yake nilipoinua mkono, vidole viliteleza. Nikajaribu tena, vikateleza. Nilikasirika hadi nikapiga ukuta. Kisha nikaelewa. Mama mkwe alikuwa anapaka ili kope ziote. Lakini kabla hazijaota, mafuta yalikuwa yameniwekea kitu katikati ya mkono na uso, kitu kidogo cha kunichelewesha. Na kuchelewa kidogo kulitosha kunifanya nijue kwamba mkono umepanda.

Haikutosha kuniponya. Niliyafuta kwa kanga mara nyingi ili nipate kushika. Ndiyo maana wiki chache baadaye nilirudi kwenye lile benchi, mara hii nikiwa na mama mkwe, ambaye alikataa kubaki nyumbani. Akamsalimia kila aliyekaa pale, akaulizwa tumekuja kwa shida gani, akajibu ili uwanja mzima usikie:

"Mukwe wangu anatoaka nywele za macho!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee mmoja akasema tu, "Pole sana, nyabo," akarudi kwenye usingizi wake. Hapakutokea jambo jingine lolote. Miezi yote ile nilikuwa nimeogopa jambo ambalo, lilipofika, lilipewa pole na kusahauliwa.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza wapi, na ninakuwa nimekaaje, na mkono unaanzia wapi. Alinifundisha kukunja ngumi na kuikaza mkono ukianza kupanda, kuishikilia hivyo hadi hamu ipite. Alisema hamu hupita hata kama hukuitii, na mimi sikumwamini. Akaniambia nikate kucha, niondoe kile kioo cha wateja mbele yangu, na nifunike mkono ninapokaa bure. Nikamwuliza kuhusu mafuta.

"Mafuta hapana otesha," akasema. "Kope naota yenyewe kama wewe naacha. Lakini kama inateleza vidole, hiyo ni msaada. Paka kidogo, kwa ngozi ya nje. Ndani ya jicho hapana. Na chupa ikae safi."

Nikamfasiria mama mkwe, maana Kiswahili cha muuguzi kilimpita.

"Mwambie inaoteshaka," akasema mama mkwe.

"Mama, amesema haioteshi."

"Mwambie mimi nimeona."

Muuguzi akacheka, akasema hawezi kubishana na mama.

Nilimweleza mume wangu siku hiyohiyo, kwenye chumba anachopanga Mbarara na wenzake wawili. Alikwangua simenti iliyomkaukia kwenye vidole. "Kama ni hiyo tu," akasema mwishowe, "mbona hukuniambia?" Nikaona amefurahi na amekasirika kwa pamoja. Kisha akaomba tusiwaambie watu wa kanisani habari ya lile jengo, na tukagombana juu ya hilo, na hadi leo hatujaelewana. Lakini tulipokuwa tunaondoka alipekua begi lake akanipa soksi zake. "Za kufunika mukono," akasema, akiwa ametazama pembeni.

Nikawa naenda Mbarara kila mwezi. Mwezi wa kupalilia nilikwenda na uso mtupu. Mwezi wa kuvuna maharagwe nilikwenda na vinyweleo vilivyosimama kama ndevu za mtu aliyenyoa juzi. Asifiwe alikuwa ameshapona zamani, kope zake zilirudi upesi, na mchezo ule akausahau kwa kupata kamba ya kuruka. Mimi nilianguka. Mwenzangu unayesoma, jihadhari na siku ambazo nywele zinachipua, kwa sababu zinawasha, na kuwasha kule kunaita vidole. Kiangazi kilichofuata, nyusi zangu zikiwa zimeanza kupendeza, nilizimaliza kwa mchana mmoja, nikisubiri mteja ambaye hakuja. Nilikwenda kliniki nikiwa nimejifunga kitambaa hadi machoni. Muuguzi alikifungua, akatazama, akasema, "Sawa. Tunaanza tena," kama mtu anayeongelea kufua nguo.

Sasa nina kope. Si nyingi, na za jicho la kulia ni fupi kuliko za kushoto. Nyusi moja ina pengo ambalo muuguzi anasema huenda halitajaa, mashina yamechoka, na pale natumia penseli. Jasho likishuka sasa linapata pa kupumzikia kabla ya kufika jichoni. Kila jioni bado tunakaa kwenye mkeka, na mama mkwe bado anaamini ni mafuta yake. Amewaambia wote, hadi Rugaaga nje ya kambi, na watu wanakuja kuomba chupa.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja Mrundi kule barazani kwangu, na kitambaa cha kushona gauni. Nilimpima. Alikuwa amejifunga kilemba chini sana, hadi karibu na masikio, ingawa joto lilikuwa kali. Tulipomaliza hakuondoka.

"Dada," akasema, "nasikia kwenu kuna mafuta ya nywele. Nataka kidogo, ni ya mtoto wangu."

"Mtoto ana shida gani?"

"Nywele zinatoka. Hapa nyuma." Akagusa kilemba chake, akashusha mkono haraka. Kidole gumba chake kilikuwa kinasuguana na cha shahada, polepole, bila yeye kujua.

Nilisimamisha mashine.

"Mkono gani?" nikamwuliza.

Alinitazama. Akatazama soksi iliyokuwa juu ya meza yangu, akatazama nyusi zangu, lile pengo na ile penseli. Pikipiki ikapita, vumbi likatufunika sote wawili, na hakuna aliyejifuta.

"Wa kulia," akasema. "Tangu nikiwa msichana."

Nikamsogezea kiti.